Nyoka ya Shaba

Zamani pilau ya arusi pale Kasongo ilikuwa na harufu ya dawa ya kikohozi, na wageni wa kutoka Nyangwe walikuwa wakisema ndiyo sababu maharusi wetu wanapumua vizuri. Kosa lilikuwa la baba mkwe wangu, Mzee Faradji. Sufuria kubwa ya shaba, ile ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, ilikuwa yake. Kukiwa na arusi au maulidi aliwaazima watu. Siku nyingine zote alichemshia ndani yake majani ya mikalitusi, na hata uisugue kwa mchanga namna gani, harufu haikutoka.

Miti ile waliipanda Wabelgiji, katika bonde lenye matope chini ya mji. Walisema itakunywa maji yote na mbu watahama. Maji yalipungua kweli. Mbu walihamia kwetu. Miti ikakua, ikawa mirefu kupita minara ya misikiti, na kupita mnara wa misioni pia, ili pasiwe na ugomvi, lakini hakuna aliyejua ina kazi gani zaidi ya kuni. Mzee Faradji ndiye aliyeokota jani, akalisugua kiganjani, akanusa, akamkumbuka mama yake.

Mama yake alikuwa mjukuu wa watu waliokuja na misafara kutoka pwani, na alijua kazi ya kutoa marashi: unachemsha maua, unakamata mvuke kabla haujatoroka, unaupoza, unapata maji ya kunukia ya kunyunyizia wageni. Alimwachia mwanawe vyombo vyote: sufuria, kifuniko chenye tundu, na bomba la shaba lililojiviringa kama nyoka aliyeshiba. Sisi tuliliita nyoka. Nyoka ilikaa ndani ya pipa la maji baridi. Mvuke uliingia kichwani, ukazunguka tumboni, ukatoka mkiani matone matone, na juu ya maji yale yakaelea mafuta. Sufuria unaweza kupata nyingine. Nyoka hapana. Fundi aliyeikunja alikwisha kufa, na mafundi wa siku zile kila walipojaribu kukunja bomba kama lile lilipasuka.

Mafuta yakapata watu. Masera, yaani watawa wa kike wa misioni, waliyachukua kwa dispanseri yao, madereva wa kamio, yale malori, kwa migongo yao, wazee kwa magoti. Kulikuwa pia na wanawake waliochukua kwa ajili ya waume zao, lakini hayo nayaacha, huenda watoto wanasoma. Jina lilikuwa la Mzee Faradji. Moto ulikuwa wa mkewe, Mama Nuru. Moto ukizidi, mafuta yananuka moshi. Ukipungua, nyoka inatema maji matupu. Mama Nuru alikaa kwenye kigoda chake akisikiliza sufuria kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana, hataki neno limpite.

Ubaya ulikuwa mmoja. Sufuria, pipa na bomba ndivyo vyombo vya kutengenezea lutuku, ile pombe kali ya mahindi na mihogo, na serikali ilikuwa imemkataza mtu mweusi kuichemsha. Pombe kali ya wazungu ilikuja kwa meli na gari-moshi; hiyo haikumdhuru mtu. Lakini watawala wa kwanza walimjua Mzee Faradji kuwa ni mtu wa sala tano, na wakishikwa na mafua walituma boi aje na chupa. Tukaishi salama.

Mzee Faradji akafa miaka michache kabla ya Uhuru, wakati wa kuvuna pamba.

Hapa lazima nieleze watani, maana bila wao hamtaelewa kitu. Mama yangu mzazi alikuwa Mubangubangu wa upande wa Lusangi, kwenye barabara ya Kabambare. Ukoo wake na ukoo wa Mzee Faradji walipigana zamani za mababu. Vita viliisha, matusi yakabaki, ndiyo utani huo. Mtu wa huku akifa, wale wanakuja kuchimba kaburi, kumtukana maiti na kuchekesha wafiwa. Na mpaka arobaini ifike, kitu chochote katika nyumba ya msiba ambacho mkono wa mtani umekifikia ni chake. Utakikomboa siku ya arobaini, kwa mbuzi na matusi. Ukikidai kabla, au ukikasirika, umemtukana marehemu mwenyewe, na marehemu hana haraka ya kusamehe. Mimi nilipoolewa na Abedi, mwana wa Mzee Faradji, nilihama upande. Ndugu zangu wa kwa mama wakawa watani wangu.

Basi siku ya msiba alikuja binamu yangu Lukumani na mkewe Régina. Lukumani alijilaza ndani ya jeneza kabla ya marehemu, akalalamika kwamba ni fupi. Akamnyang'anya imamu sahani mkononi, akala mbele yake. Imamu akacheka, angefanya nini. Halafu akaingia uani, akachomoa nyoka kwenye pipa, akaivaa shingoni kama mkufu wa bibi arusi, akatoka akicheza.

"Mukombozi wake ni mbuzi dume," alisema, "mwenye ndevu kama za huyu bwana munayemufukia. Mwingine sitaki."

Tulicheka wote. Mama Nuru alikuwa ameshaingia ndani kukaa eda ya kufiwa na mume, miezi ile ambayo mjane haonekani kwa wanaume wala hatoki nje hata uani, lakini nyuma ya mkeka wa dirishani tulimsikia akicheka na kulia kwa pamoja.

Arobaini haijafika, lutuku ikajaa mjini. Polisi mmoja alilewa mchana, akampigia saluti ng'ombe wa misioni, na ng'ombe hakuitika. Habari ikamfikia ajent mpya wa teritwari, mtawala wa kizungu wa eneo letu. Jina lake la kizungu lilitushinda mdomoni. Tulimwita Bwana Tosha, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu, na neno hilo ndilo alilolipenda kuliko yote. Mtu akamnong'oneza kwamba uani kwa marehemu Faradji kuna sufuria.

Alikuja asubuhi, yeye na koplo Musafiri, polisi mzaliwa wa hapa kwetu. Akazunguka uani. Akaona sufuria, akaona jivu, akaona pipa. Akaingiza fimbo ndani ya pipa, akakoroga maji.

"Bomba iko wapi?"

Mume wangu Abedi alisimama mikono nyuma. "Bwana, watani walibeba. Siku ya kilio ya baba."

"Watani ni nani?"

"Ni ndugu, Bwana. Hapana, si ndugu. Ni watu wa kututukana."

"Watu wanakutukana. Wanabeba chombo ya baba yako siku ya kilio. Na weye?"

"Sisi tulicheka, Bwana."

"Tosha."

Musafiri aliangalia viatu vyake. Alijua kila neno la Abedi ni kweli, na alijua pia linasikika vipi.

"Mutu wa mafuta haficha bomba," alisema Bwana Tosha. "Mutu wa lutuku anaficha." Akagonga sufuria kwa fimbo, ikalia kama kengele. Akasema Jumamosi atarudi. Alikute bomba ndani ya pipa na moto umewaka, aone kwa macho na aonje kwa ulimi kinachotoka. Bila hivyo Abedi ataingia buloko, yaani gereza, na sufuria itapigwa nyundo mpaka ilale chini kama sinia. Na Abedi asitoke mjini.

Alipoondoka hakuna aliyekaa. Abedi alikuwa anafungua na kufunga kifuniko cha sufuria, anafungua na kufunga. Hata kama angekuwa huru asingeweza kwenda vilevile. Mwenye msiba kumfuata mtani kabla ya arobaini ni kama kumfukua baba yake. Mimi nilikuwa mke tu, mtu wa katikati, na watu wa katikati ndio wanaotumwa.

"Subira," aliita Mama Nuru nyuma ya mkeka. "Wale ni watu wako."

"Walikuwa wangu, Mama. Sasa ni watani wangu."

"Basi uwaendee kama watani. Usiende kuwalilia. Ukiwalilia umeharibu huku na kule."

Nilipanda kamio iliyokuwa inaenda kuchukua pamba Kabambare. Dereva alikuwa mtu wa mgongo, mteja wetu, akaniweka juu ya magunia matupu bila maneno mengi. Nikashuka karibu na Lusangi. Lukumani alikuwa mbele ya nyumba yake, anachonga mpini.

"Angalieni," alisema, "muke wa wachemsha majani. Mumekwisha kula majani yote, sasa munatafuta nyasi?"

"Nimekuja kuona kama umekwisha kupata akili. Waliniambia zinauzwa Kabambare."

Akacheka. Nikacheka. Ndivyo tulivyosalimiana siku zote. Kisha nikamwambia, "Nyoka iko wapi?"

Lukumani hakujibu tusi wala neno. Akarudi kwenye mpini wake. Mtani anayekosa tusi la kujibu, jua kuna kitu amekalia.

"Iko," akasema. "Inapumzika."

"Wapi?"

"Kwa maji."

Sikungoja. Chini ya mashamba kulikuwa na kijito, na juu ya kijito uzi wa moshi. Nikaufuata. Kabla sijafika nilikwisha kujua, maana pua yangu imesoma zaidi kuliko mimi. Régina alikuwa amechutama mbele ya chungu kikubwa cha udongo. Nyoka ya mama mkwe wangu Mama Nuru, ya marashi, ya dawa ya masera, ilikuwa imelala ndani ya gogo lililochongwa na kujazwa maji, na mkiani mwake inatema lutuku ndani ya kibuyu.

Régina aliniangalia, hakusimama. "Wifi, usipaaze sauti. Kapita, musimamizi wa pamba, yuko karibu."

"Hii ndiyo inayolewesha polisi wetu?"

"Inaenda na kamio. Inapofika sijui." Akasogeza ukuni. "Pamba yetu ililowa na mvua. Serikali haitaki pamba yenye maji, na sisi hatuli pamba hata ikiwa kavu. Ulitaka tufanye nini?"

Kwa hiyo Bwana Tosha alikuwa amekosea nyumba tu. Bomba hakulikosea. Lukumani alikuwa amefika nyuma yangu. Nikawaeleza yote: Jumamosi, nyundo, buloko.

Lukumani alikaa chini. Utani ulikwisha usoni kwake. "Siwezi kurudisha, dada. Si kwamba ninakataa. Baba mudogo alirudisha jembe ya mutani kabla ya arobaini, bila mukombozi, na macho yake yakafa mwaka ule ule. Weye ulimuona. Ulikuwa unamushika mukono kwenda chooni."

Nilimwona, kweli.

"Na chungu imejaa," alisema Régina. "Ngoja nimalize hii. Nyingine nitaiacha."

Mtoto wao Bulaimu alikuwa amelala kivulini juu ya mkeka, hajashikwa na mtu. Alikuwa bado wa maziwa, hajaanza hata kukaa. Nikamwinua, nikamfunga mgongoni kwa kitenge changu, nikashika njia ya kupanda barabarani.

"Unaenda wapi na mutoto?" aliuliza Régina.

"Nimeteka. Munateka, ninateka. Mukombozi wake ni nyoka. Siyo bila mukombozi tena, macho yako yatabaki, Lukumani."

Lukumani alicheka, kwa sababu lilikuwa tusi zuri. Nikaendelea kutembea. Akaacha kucheka. Nilisikia anaita jina langu mara moja kwa kuchezea, mara nyingine bila kuchezea. Sikugeuka. Shingo yangu ilikuwa inataka kugeuka yenyewe, nikaikataza. Kama wangesema, haya, nenda naye, ningefanya nini na mtoto wa maziwa na matiti makavu? Lakini wao hawakujua kwamba ninaliwaza hilo.

Nyuma yangu nikasikia chungu kinapasuka. Régina alikuwa ameng'oa nyoka motoni kwa mikono mitupu. Alinifikia karibu na barabara, nyoka kifuani, viganja vimechubuka na kuwa vyekundu, maziwa yamelowesha nguo. Lukumani alifuata, anabeba kitenge cha mkewe na shoka, sijui la nini.

"Mupe basi mutoto wake," alisema.

"Nyoka ikilala ndani ya pipa ya Mama Nuru, mutoto analala kwa mama yake. Mutakuja wote."

Kamio iliporudi na pamba tukapanda. Régina alimnyonyesha Bulaimu akiwa mapajani mwangu. Ilimbidi ainame juu yangu, na kila gari liliporuka kichwa chake kilinigonga kidevu. Sikumwachia. Kila dereva aliposimama kutafuta maji ya injini, Lukumani alishuka kuiosha nyoka kwa mchanga, kwa majani ya ndimu, kwa kupuliza mpaka mishipa ya shingo inatoka. Nje iling'aa. Ndani ilikuwa na kona nyingi, na kila kona ilikuwa na lutuku yake.

Daraja moja lilikuwa limeoza, tukangoja miti ikatwe. Ndiyo siku ile shoka la Lukumani lilipata kazi. Kwa hiyo tulipofika Kasongo Jumamosi, jua lilikuwa limekwisha kupanda, na Bwana Tosha alikuwa uani kwetu, amekalia kiti cha Mzee Faradji, ambacho hakukikalia mtu mwingine. Pembeni alisimama Musafiri na nyundo.

Lukumani aliilaza nyoka ndani ya pipa. Nikamfungua Bulaimu, nikampa Régina. Hapo Mama Nuru akaita dirishani.

"Subira. Ni harufu gani hiyo?"

"Ni Lukumani, Mama."

"Ananuka pombe."

"Ndivyo alivyo, Mama."

Mkeka ulitikisika kidogo. Nikajua anavuta hewa tena. Mama Nuru angejua nyoka imepitisha lutuku, angemwomba Musafiri nyundo yeye mwenyewe, eda au si eda. Kwake chombo kilichotoa pombe hakirudi kutoa dawa ya watu wanaosali. Nilikuwa na mahakimu wawili, mmoja kwenye kiti, mmoja nyuma ya mkeka, na wote wawili walikuwa na pua.

Abedi alijaza majani, akafunika, akaziba kifuniko pembeni kwa ugali mbichi wa mihogo ili mvuke usitoroke. Vidole vyake vilikuwa vinaacha matundu. Nikaja nyuma yake nikayaziba. Nikawasha moto. Tukangoja. Uani palikuwa na watu wengi na hakuna aliyekohoa, jambo la ajabu kwa nyumba ile.

Bwana Tosha alitoa gilasi mfukoni kwake, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka chini ya mkia wa nyoka.

"Nataka ya kwanza," alisema.

"Bwana," nikasema, "ya kwanza ni uchafu wa bomba. Sisi tunaimwaga."

"Tosha. Ya kwanza."

Alikuwa amefundishwa na mtu. Watu wa lutuku wote wanajua matone ya kwanza ndiyo yenye nguvu.

Tone likaanguka. Likafuata lingine. Harufu ya mikalitusi ilipanda, ikatuingia machoni, na chini yake, kama mtu anayejificha nyuma ya mlango miguu ikionekana, nikaisikia lutuku. Abedi naye aliisikia. Alikuwa hajui kitu mpaka saa ile. Alinigeukia, na sitasahau namna alivyoniangalia: hakukasirika, alikuwa anaaga. Gilasi ikajaa kiasi cha kidole. Bwana Tosha akainama.

Mkono wa Lukumani ulifika kwanza.

Siku zile mtu mweusi hakugusa gilasi ya mzungu mbele ya macho yake. Lukumani aliinyanyua juu, akaigeukia njia ya makaburi.

"Faradji," alisema, "weye mubahili, ulikufa bila kunionjesha. Ulidhani nitasahau? Ya kwanza ni ya mutani."

Akanywa yote. Alipoteremsha gilasi aliniangalia mimi, mara moja tu.

Fimbo ya Bwana Tosha ilikuwa juu. "Mufunge huyu."

"Bwana, huyu ni mutani," alisema Musafiri. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini alisema. "Ni nyumba ya kilio. Anayo ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya marehemu, Bwana."

Musafiri alichukua kamba, lakini Lukumani hakuwa na mikono ya kufungwa; ilikuwa kooni kwake yote miwili. Alipiga magoti. Mafuta yale ni ya kusugua kifua na kunusa. Kuyanywa ni sumu, hata mbuzi wetu walilijua hilo. Macho yakamtoka, mate yakamjaa, kisha akatapika mbele ya viatu vya Bwana Tosha, na matapishi yale yalinuka bonde zima la mikalitusi. Akaanguka ubavu.

Bwana Tosha alirudi nyuma. Alimwangalia yule mtu chini kwa muda. Nadhani alikuwa ameona walevi wengi wa lutuku katika kazi yake, na hakuna hata mmoja aliyetapika namna ile. Akaokota gilasi, akaifuta tena, akaiweka tena chini ya mkia. Nyoka ilikuwa imekwisha kusafisha matumbo. Yaliyotoka sasa yalikuwa meupe, na juu yake mafuta yanaelea, yanang'aa. Alichovya kidole, akagusa ulimi, uso ukamkunjana kama mtoto aliyepewa kwinini.

"Mafuta," akasema. Akamwambia Abedi ruhusa ya kuchemsha mafuta aliyokuwa nayo baba yake sasa ni yake. Akachukua chupa iliyokuwa imejaa tayari, hakuuliza ni ya nani, akaenda. Musafiri alibeba nyundo yake kwa aibu, kama mtu aliyekuja na chakula kwenye arusi iliyokwisha.

"Anapumua?" aliuliza Mama Nuru dirishani.

Alikuwa anapumua, lakini kwa kukumbuka. Mboni za macho zilikuwa zimekuwa ndogo kama tundu za sindano, na alipoitwa hakugeuka. Tulimbeba kwenye mlango tuliong'oa, mpaka kwa masera. Jioni walituambia tungoje. Asubuhi walituambia tungoje. Utani ulikuwa haumo hata kinywani mwangu. Ikiwa angekufa, sisi ndio tungekwenda Lusangi kumchimbia kaburi na kumtukana, na sikupata tusi hata moja.

Régina alikaa nje ya dispanseri, viganja vimefungwa vitambaa, Bulaimu mapajani. Nilimletea uji.

"Ulichukua mutoto," aliniambia. "Halafu ukachukua baba yake."

Niliweka bakuli chini, nikakaa karibu yake.

Lukumani alifungua macho. Akasema maji yao yana ladha ya Faradji. Masera hawakuelewa, sisi tulilia. Lakini alibaki dhaifu, miguu haikumbeba, kamio hakuiweza, na wakakaa kwetu. Mpaka leo ukimwuliza kwa nini alikunywa atakuambia ilikuwa haki yake ya utani, basi. Mimi niliona aliponiangalia. Sijamwuliza.

Kazi ilibidi iendelee. Masera walikuwa wanangoja mafuta yao, Mama Nuru alikuwa bado ndani, na Abedi alijua majani, hakujua moto. Moto nilishika mimi. Nilitoa mafuta yenye harufu ya nyama ya kuchoma. Mama Nuru alikuwa ananipigia kelele dirishani, punguza, ongeza, punguza, na nilikuwa ninachelewa kila mara.

Asubuhi moja Régina alitoka ndani na mtoto mgongoni. Alisimama karibu yangu, akasikiliza sufuria. Kisha akanisukuma kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa havijapona, akakaa kwenye kigoda. Akavuta kuni mbili nje kwa mguu wake. Moto ukalala. Mkiani mwa nyoka matone yaliacha kukatikakatika, yakaja mfululizo, membamba kama uzi.

Nyuma ya mkeka Mama Nuru alinyamaza katikati ya neno.

"Nani ameshika moto?" aliuliza.

"Régina, Mama."

"Alijifunza wapi?"

Nilimwangalia Régina. Régina aliangalia sufuria.

"Kwao, Mama. Lusangi."

"Lusangi wanachemsha majani?"

"Wanachemsha wanachopata, Mama."

Mkeka ulitikisika kidogo, kama siku ile alipoinusa harufu ya pombe. Tulisikia sufuria tu. Nilikuwa nimeshika ukuni mkononi na sikujua niuweke wapi.

"Mwambie apunguze ule wa kushoto," akasema Mama Nuru.

Régina alikuwa ameshaupunguza.